Mpaka wa Ng'ambo na Mpunga wa Katindiuka

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja ya ardhi hapa Ifakara. Kwenye televisheni ya ukutani, msemaji wa serikali yetu alikuwa akizungumzia nchi mbili za mbali zinazopigania mpaka.

"Mpaka haupangwi kwa nguvu," alisema. "Wanaoishi pale wasikilizwe kwanza."

Afisa wa ardhi aliyekuwa mezani akaongeza sauti kwa rimoti, akaitikia kwa kichwa. "Hapo kasema kweli."

Mama mmoja wa Katindiuka, hapahapa Ifakara, akainuka kwenye benchi, matope ya jaruba bado miguuni. Alikuwa amekuta bikoni za zege za kuonyesha mpaka zimesimikwa katikati ya mpunga wake, na kibao cha kumkataza asiingie.

"Mwanangu, mimi ndiye ninayeishi pale. Nilisikilizwa lini?"

Afisa akazima televisheni. "Mama, usichanganye mambo. Ile ni diplomasia."

"Na hii ya kwangu inaitwaje?"

Akaonyeshwa mlango kwa rimoti ileile.

Hasira haijanitoka mpaka leo. Kosa la shamba lile ni kuwa Katindiuka. Lingekuwa ng'ambo ya bahari, serikali yetu ingekuwa imeshalitetea.