Laini ya Iringa

Sauti yake niliizoea kabla sijamwona. Alikuwa opereta wa simu katika ofisi yetu ya Iringa, mimi nikiwa opereta wa Mbeya, kampuni moja ya chai na pareto. Ofisi hizo mbili ziliunganishwa na laini yetu wenyewe. Kila asubuhi aliniamkia kwa Kihehe, "Kamwene!" nami nikamjibu kwa Kinyakyusa, "Ndaga!" ndipo tukaulizana habari za baridi.

Laini ile ilikuwa na mlango wa uani. Mtu wa nje akipiga ofisi ya Iringa, dada yule aliweza kumpitisha hadi kwangu, nami nikamtoa kwenye simu za mjini Mbeya. Hakukaa foleni ya simu posta. Dada alianza kuniombea watu wenye shida: mwalimu aliyefiwa, mama mwenye mgonjwa. Niliwaunganisha wote. Nami nilipomtafuta shangazi yangu aliyehamia Iringa, yeye ndiye aliyenipatia.

Lakini habari zilienea. Wafanyabiashara wakaanza kupiga Iringa wakijifanya mameneja, na sisi tukawapitisha. Siku moja ya mvua lori letu likakwama Nyololo. Ofisi ya Iringa ilitaka kutuomba lori jingine, ikashindwa kutupata. Laini ilishikwa na mtu aliyekuwa akipanga harusi. Pareto yote ikalowa.

Meneja wetu akaja kwenye swichibodi.

"Kuanzia kesho, hakuna simu ya Iringa itakayotoka nje bila neno la siri. Mameneja watalijua, na wewe. Opereta wa Iringa usimwambie. Nataka nijue nani anafungua mlango."

Kesho yake alivuta kiti akakaa karibu yangu, kavaa spika za masikioni. Dada akaita.

"Kamwene, mdogo wangu! Niunganishie hospitali hapo Mbeya. Nina mama hapa kwenye simu, binti yake kalazwa."

"Neno la siri tafadhali," nikasema.

Akacheka. "Neno gani tena? Ni mimi."

"Bila neno siwezi kukuunganisha."

"We dada, umeamkaje leo? Mbona jana uliniunganishia?"

Meneja akavua spika, akanigeukia. "Jana ulimwunganishia?"

Ningesema ndiyo. Ningesema tulikuwa wawili. Nikasema, "Aliniambia ni mameneja wanaoomba, Ndugu Meneja. Nilimwamini."

Dada akaachishwa kazi wiki ileile. Mimi nilisifiwa kwa uangalifu. Laini ikawa salama kweli, wageni wakakoma, na Iringa wakamweka kijana aliyesema "Haloo Mbeya" bila salamu. Yule mama wa hospitali sikujua kama aliwahi kuisikia sauti ya binti yake.

Baada ya mavuno nilikwenda Iringa msibani, nikaulizia nyumbani kwake, nikaelekezwa Kalenga. Nilimkuta mama mnene, mfupi, anapukuchua mahindi. Nilipobisha hodi tu akaitambua sauti, akanikumbatia hadi kitenge kikamlegea. Akasonga ugali, akaupakua na majani ya maboga.

"Mlinzi wa ofisi ndiye aliyenichongea," alisema tukila. "Anakaa hapo ng'ambo ya kisima. Mkewe alikuwa rafiki yangu. Sasa hata salamu simpi."

Nikalirudisha tonge sahanini.

"Si mlinzi, dada. Meneja alikuwa amekaa nami anasikiliza. Na aliponiuliza, nilisema wewe ulinidanganya."

Aliendelea kumega ugali, ila hakula. Kuku waliingia hadi miguuni petu, hakuwafukuza.

"Basi simu ile ungeikata," alisema mwishowe. "Ungesema tu laini mbovu. Ningejua kuna jambo."

"Niliogopa."

"Na mimi nina watoto."

Nilitaka kupiga magoti, nikaona nitamwongezea kazi ya kuninyanyua. Akaniwekea maji ya kunawa. Mgeni kwao husindikizwa hadi barabarani, yeye aliishia kwenye ua, akasema, "Safari njema."

Nilipofika kwenye mti wa mfyulisi niligeuka. Alikuwa amejifunga kitenge upya, anapita kando ya kisima kuelekea kwa mlinzi, anatembea polepole kama mtu asiyejua aanze na neno gani.