Alama ya cutex kwa kisanduku cha kupima stima

Wakuu, mambo. Shule sikuingia, naongea simu inaandika. Nikidanganya stima ya kwangu ipotee leo.

Miaka ya tisini tulikaa Kambi Muru, Kibera. Bwana yangu, Baba Nekesa, alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake kilikuwa Kongo, kule Kawangware.

Stima ya plot ilikuwa inaruka, inachoma vitu. Na jirani wa mlango wa pili, Mama Rhoda, alikuwa amenunua fridge auze maziwa lala. Hiyo ndiyo ilikuwa inamlipia msichana wake Rhoda shule.

Baba Nekesa akamtengenezea kisanduku cha kupima stima. Transistor za redio zilizokufa, na ile sindano ya kuonyesha sauti kwa redio ya cassette.

Alinielezea hivi: stima ya ukuta inaenda ikirudi, sindano ingetetemeka tu kama mlevi kwa mtaro. Transistor zinaipitisha upande moja, basi sindano inainuka kulingana na nguvu.

Akachukua cutex yangu nyekundu ya kucha, bila kuniuliza, akaweka alama. Sindano ikipita hapo, chomoa fridge.

Sasa, aliiweka jioni, kibandani kwake, Kongo nzima ikipikia coil za stima. Stima ilikuwa imelala, nguvu iko chini. Yeye akadhani hiyo ndiyo kawaida.

Kufika kwetu, sindano inapita alama kutoka asubuhi. Mama Rhoda anachomoa, maziwa yanaharibika.

Mnajua mimi kwa kuigiza. Mama Rhoda, kwa ile sauti ya Kijaluo: "Baba Nekesa, mimi nimesoka. Kisanduku yako inaogopa stima kuliko mimi."

Bwana yangu, kifua mbele: "Sindano haidanganyangi, mama."

Mama Rhoda akachoka kuiangalia, akaifunika na kitambaa cha kushona, vile tulifunika redio, thermos, viti. Ilipendeza hata.

Mchana moja, akichambua maharagwe hapo kando, stima ikaruka kweli. Fridge ikanguruma, halafu harufu ya kuungua.

Bwana yangu akakuja, akainua kitambaa. Sindano imepita alama, imegonga mwisho kabisa.

Akaazima tester ya duka, akapima kwetu, akaenda akapima Kongo jioni. Akarudi akamwambia Mama Rhoda kosa lilikuwa la alama.

Mama Rhoda hakupandisha sauti. "Si ungepimia tu hapa kwangu?"

Hiyo sauti siigizi.

Rhoda hakurudi shule. Baba Nekesa akakwaruza cutex, akaweka alama mpya, ya ukweli. Fridge ya kulinda haikuwa.

Sasa yeye hayuko. Kisanduku kiko kwa ukuta wangu, sindano inasimama sawa kabisa.

Mafundi mlio hapa, pimieni kitu mahali kitakaa. Na nyinyi wengine, nani ako na kitu iliwekwa sawa ikiwa imechelewa? Niambieni, niko hapa.