Kofia ya Fundi Upepo

Dizeli ilipoadimika, pampu ya kisima chetu Maisaka ikalala, na mhandisi mmoja kutoka Denmaki akaja kutujengea mnara wenye mapanga, ili upepo utuvutie maji. Tulimwita Fundi Upepo. Kofia yake hakuivua hata mbele ya mchungaji. Mikono yake, aliyoiosha kwa majivu kama sisi tusio na sabuni, ilipapasa kila nati kama mkunga apapasavyo tumbo, na jani likitua kwenye chuma alilipuliza. Kuegemea ule mnara? Nani angethubutu!

Asubuhi ya kuufungulia, Bibi Naishiye alikuja akafunga nyasi mbichi kwenye mguu wa mnara, kama Wamaasai wanavyoombea kitu baraka. Tukabana pumzi. Fundi akachuchumaa, akazitazama, akatoa waya mfukoni akazikaza zaidi.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Haya, fungua.”

Akaachia breki. Mapanga yakazunguka, bomba likakoroma, likakohoa kutu, kisha maji! Vigelegele vikapasuka. Fundi akavua kofia, akakinga maji ya kwanza. Tulidhani atakunywa. Akayabeba taratibu, akazimwagia zile nyasi.