Tekila ya Bwana Mawe na Glasi Niliyokataa Kuijaza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kisu kidogo, kikapu cha ndimu na amri ya kutosema neno. Hoteli ilikuwa karibu na stesheni ya Tabora, na wageni wake walikuwa Wazungu waliotoka pwani, wakalala hapo kabla ya kuendelea Kigoma au Mwanza. Mimi nilikuwa kijana wa Kanyenye, mtaa wa mji huo huo, mwana wa mshona kofia. Nyumbani nilikuwa nimesema tu kwamba nimepata kazi hotelini. Neno baa sikulitamka.

Msimamizi wa baa alikuwa Mgoa, mtu mfupi ambaye katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikupata kumwona ameketi. Aliokota nusu ya ndimu, akaitazama, akairudisha kikapuni.

"Umekata kwa urefu," alisema. "Ndimu iliyokatwa kwa urefu ni bahili. Kata kwa upana, itatoa maji yote. Unakunywa?"

"Hapana, Bwana. Mimi Mwislamu."

"Pua unayo?"

"Ninayo."

"Basi utafanya kazi kwa pua."

Na hivyo ndivyo nilivyofanya mpaka nilipostaafu. Wenzangu walionja kwa siri, ingawa sheria ya siku zile ilimkataza Mwafrika kunywa pombe kali ya Kizungu bila kibali. Mimi nilinusa. Nilijifunza jini iliyozimuliwa, tonik iliyokufa gesi, ndimu iliyokatwa tangu asubuhi. Kilichobaki nilikisoma kwenye uso wa mnywaji. Mtu akipata kinywaji kilichochanganywa sawasawa, mabega yake hushuka kidogo kabla hajasema lolote.

Msimamizi alinifundisha vifaa na adabu kwa pamoja, kwa sababu kwake vilikuwa kitu kimoja. Kulikuwa na toti, kikombe kidogo cha kupimia, na aliyemimina bila toti alimwita mwizi, hata kama alimzidishia mgeni. Kulikuwa na sheka, kopo la chuma lenye kifuniko la kutikisia kinywaji pamoja na barafu. Glasi ya mguu ishike mguu; bilauri ishike chini. Usiguse kamwe mahali midomo itakapogusa. Usiegemee kaunta. Usicheke mzaha wa mgeni kabla rafiki zake hawajacheka. Lililosemwa kaunta lisivuke mlango.

Kisha kulikuwa na kile alichokiita kufunga mkono, yaani kuacha kumpa mgeni aliyezidiwa bila kumwaibisha. Unachelewesha barafu. Unamletea karanga. Unamletea maji kabla hajayaomba. Nilimwona akiwafanyia hivyo watu wakubwa, wakaenda kulala huku wakimshukuru.

"Mgeni akishika kaunta kwa mikono miwili, umeshachelewa," aliniambia. Halafu akanitazama. "Lakini wewe usijaribu. Mimi Mgoa wananivumilia. Wewe watakuuliza umekuwa nani."

Nilikaa pale miaka kadhaa, lakini sitasema nilitulia. Babu yangu alikuwa mpagazi aliyebeba pembe kutoka hapa hadi Bagamoyo, na watu wa kwetu husema miguu ya mpagazi hurithiwa. Kila treni ilipopiga honi nilijiuliza kwa nini simo ndani yake. Nikisimama kaunta, mguu wangu wa kushoto ulitikisika wenyewe nyuma ya mbao, pasipoonekana. Hata sheka niliitikisa kwa kutaja stesheni moyoni: Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Malagarasi, Uvinza, Kigoma. Nikifika Kigoma kopo lilikuwa linauma vidole kwa baridi, na kinywaji kilikuwa tayari.

Sehemu ya wasiwasi ule ilikuwa baba. Siku moja nilimkuta barazani na sindano yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa. Mtu wa Isevya ameniambia unauza pombe."

"Siuzi, baba. Ninatengeneza tu. Wala sionji."

"Nani alikufundisha kuvitenganisha?"

Alishona mishono mitatu au minne kabla ya kusema tena.

"Sikufukuzi. Hapa ni kwenu. Lakini maji ya kunywa usiniletee wewe."

Tangu siku hiyo, nikimkuta baba ana kiu, nilimwita dada.

Ndipo akaja Bwana Mawe. Jina hilo tulimpa sisi. Alikuwa mpimaji wa madini wa serikali, akizunguka na nyundo kutoka Tabora hadi Malagarasi akigonga kila jabali. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefanya kazi Meksiko, na rafiki yake wa huko alikuwa amemtumia kasha la chupa za kinywaji ambacho hata msimamizi wangu hakuwahi kukishika. Kiliitwa tekila. Alitaka mtu wa kumchanganyia nyumbani kwake, akamwomba meneja wa hoteli ampe yule mwenye pua. Nikaenda mbio. Sikuuliza hata nitalala wapi.

"Nusa," aliniambia siku ya kwanza, akifungua chupa.

Nikanusa. Ilikuwa na harufu ya majani mabichi, ya pilipili manga, na ya moshi kwa mbali.

"Inatoka kwenye mmea wa ukoo mmoja na mkonge," alisema.

Nilidhani ananitania. Mkonge tuliujua kwa kamba na magunia.

Mke wake, Memsahib, alikuwa mwanamke mkimya aliyependa kujua kila kitu kinafanywaje. Alikuwa na kanuni ya kuichanganya iliyoandikwa kwenye kijikaratasi, nami nikaigeuza kuwa kinywaji. Toti mbili za tekila, toti moja ya likeri, ile pombe tamu ya maganda ya chungwa, na toti moja ya maji ya ndimu yaliyokamuliwa saa ile ile. Barafu tuliipata kwenye friji ya mafuta ya taa, kidogo kidogo, kwa hiyo glasi zilipoa humo tangu asubuhi. Ukingo wa glasi unapakwa ndimu kwa nje tu, kisha unagusishwa kwenye chumvi, nusu ya mzunguko, ili asiyependa chumvi awe na upande wake. Chumvi ya dukani ilikuwa laini mno, ikayeyuka na kutiririka. Nikaagiza ya Uvinza, ile ya chembe kubwa ambayo misafara ya zamani iliifanyia biashara njia nzima, nikaiponda kidogo kwenye kinu. Likeri ilipokwisha nilichemsha maganda ya machungwa, nikayachanganya na asali ya mwituni ambayo mpishi wa nyumba ile aliletewa kutoka kwao Usinge. Memsahib alionja, mabega yakashuka.

"Hii ni nzuri kuliko ile," alisema.

Alinitaka nimfundishe, nikamfundisha: kupima, kutikisa, kuchuja. Alikuwa na mkono mzuri. Nafikiri ndiyo miezi pekee ambayo mguu wangu ulipunguza kutikisika.

Jumapili moja mchana walialika wageni barazani. Miongoni mwao alikuwa mhandisi wa barabara aliyekuja kwa gari lake kutoka kambini, mwendo wa saa mbili upande wa magharibi, pamoja na mkewe na mtoto wao wa kike wa miaka kama sita. Yule bwana alizipenda glasi zangu. Ya kwanza aliisifu, ya pili aliimeza bila kuisifu. Kufikia ya nne sauti yake ilikuwa juu ya sauti za wote, na mkewe alikuwa ameacha kuzungumza na watu, anamtazama yeye tu.

Akaomba ya tano. Alipoomba alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili.

Nilichelewesha barafu. Nikapeleka karanga, akazisukuma. Nikapeleka maji, akayamwaga kwenye maua. Mtoto alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari, amevaa kofia yake, tayari kwa safari.

Nikatengeneza kinywaji cha ndimu, asali na barafu, chumvi ukingoni, nikakitikisa mpaka Kigoma. Kwa macho kilikuwa kile kile. Tekila sikutia hata tone.

Alichukua funda moja, akalitema.

"Hakuna kitu humu," alisema. "Boi amekunywa tekila, sasa anatupa maji ya ndimu."

Kila mtu alijua maana ya maneno yale. Mwafrika aliyekunywa tekila ya bwana wake alikuwa na makosa mawili mbele ya hakimu, wizi na pombe.

Bwana Mawe alinisogelea. "Umetia tekila?"

"Sikutia, Bwana."

"Kwa nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: nimesahau, Bwana, naomba radhi. Ungetosha. Ningetengeneza nyingine, wangecheka, siku ingekwisha. Nilimwona mtoto akifunga kamba ya kofia chini ya kidevu.

"Bwana huyu ataendesha gari," nilisema, "na mtoto wake atakuwa ndani."

Nilisema kwa Kiswahili. Mhandisi hakunisikia vizuri, lakini mkewe alikijua Kiswahili kuliko yeye, nikaona uso wake ukigeuka kuelekea garini.

Bwana Mawe aliiva uso. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake haukuzoea kutazamwa na watu. "Mtengenezee glasi nzuri," alisema.

"Naomba Bwana amtengenezee mwenyewe."

Nikaiweka sheka mezani. Mguu, kwa ajabu, ulikuwa umetulia kama mti.

"Nenda nyuma," alisema.

Kutoka jikoni mimi na mpishi tulimwona Bwana Mawe akimimina mwenyewe, bila toti, bila barafu. Mhandisi akanywa, akainuka, akamwita mkewe. Mama yule alikwenda mpaka garini, akamshika mtoto mkono, akamtoa kwenye ngazi.

"Sisi tutabaki," alisema kwa Kiingereza. Hayo niliyaelewa.

Yule bwana akaondoka peke yake, vumbi likasimama juu ya barabara muda mrefu.

Kabla ya jua kutua Bwana Mawe aliniita. "Huwezi kumwaibisha mgeni nyumbani mwangu."

"Ndiyo, Bwana."

"Basi."

Nikafunga nguo zangu, nikarudi Kanyenye.

Asubuhi mpishi alikuja kuniambia. Gari lilikuwa limepinduka kwenye korongo, si mbali. Yule bwana alivunjika paja. Upande wa pili, pale ambapo mama angeketi na mtoto mapajani, bati lilikuwa limekunjwa mpaka kwenye kiti.

Siku mbili nilikaa nikingoja askari. Nilihesabu kila hatua iliyopita nje ya ukuta. Hakuna aliyekuja. Siku ya tatu mpishi alirudi na barua ya Memsahib ya kunipendekeza kazini, bila saini ya mumewe. Aliyenisomea alisema imeandikwa kwamba mimi ni mchanganyaji hodari, na kwamba najua mahali pa kuacha.

Habari ilimfikia baba msikitini. Jioni aliniita.

"Walidhani umekunywa?"

"Ndiyo, baba."

"Na hukunywa."

"Sijapata kunywa."

Aliikunja kofia aliyokuwa akiishona. "Ulilotenda ni la haki," alisema. "Kazi ni ile ile."

"Ndiyo, baba."

Sikumlaumu. Alikufa akiwa na maoni hayo, na mimi nikaendelea na kazi hiyo.

Barua ile ilinipeleka Kigoma, kwenye klabu ya ziwani, ambako katibu wa klabu alikuwa nahodha mstaafu aliyepima barafu kwa macho kama anayepima dhahabu. Mwaka mmoja tu, nikahama. Nikaenda Mwanza, nikahama. Kila mahali nilipendwa, na kila mahali niliamka siku moja nikakuta mizigo nimeshaifunga. Wakati huo sheria ya vileo ililegezwa, Waafrika wakaanza kukaa upande wa wateja, na mwishoni nikarudi Tabora nikiwa mimi ndiye msimamizi. Bendera ilipobadilishwa nilikuwa nyuma ya kaunta nikifuta glasi. Nikaendelea kufuta mpaka macho yalipoanza kushindwa kusoma toti.

Sasa ninaishi Isevya, hapa hapa Tabora. Vijana wanaofanya kazi za baa huja kuniuliza, na wengine wanataka tu kuwachanganyia rafiki zao nyumbani. Nawaambia: pimeni, msikisie. Ndimu ya jana itupwe. Mwenye nyumba asiwe wa kwanza kulewa. Asiyekunywa apewe glasi nzuri kama wengine, asiulizwe sababu. Na kabla hamjafungua chupa, jueni kila mgeni atarudi kwake vipi. Wananisifu kwa kisa cha mhandisi. Wanapenda nikirudie.

Siwaambii kilichonipata juzi dukani Kanyenye. Bibi mmoja mzee alinitazama sana, akaniuliza kama si mimi niliyekuwa baa karibu na stesheni. Akanitajia jina la marehemu mumewe, karani wa reli. Nilimkumbuka mara moja: mtu mpole, wa pembeni, kila jioni wiski na soda, miaka chungu nzima. Hakupiga kelele hata siku moja. Hakushika kaunta kwa mikono miwili. Akitaka nyingine aliinua kidole tu, nami nikampa. Alikuwa akienda kwao kwa miguu, hivyo sikuwahi kujiuliza.

"Alikuwa akikusifu mno," yule bibi alisema. "Hata alipokuwa akitupiga alikusifu. Alisema una mkono mwepesi, humchoki mtu."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa akinipa salamu za marehemu. Akachukua sukari yake, akaniaga kwa heshima, akaenda zake.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Yule mmoja nilimkatalia kwa sababu mtoto wake alikuwa mbele ya macho yangu, amevaa kofia. Wale wengine wote, watoto wao walikuwa nyumbani.