Michongoma Yangu na Ardhi ya Manispaa

Siku manispaa ilipotangaza kwamba itajenga nyumba za kupangisha kwenye uwanja wake ulio nyuma ya kwetu, mimi ndiye niliyeshangilia kuliko wote. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo majirani wanaosubiri nilifiche.

Uwanja ule ulikuwa kitalu cha miche. Kitalu kikafa, yakabaki magugu na mbuzi wa watu. Kwenye mkutano wa mtaa ofisa akatueleza: majengo ya ghorofa tatu, kodi nafuu, walimu na wauguzi watafikiriwa kwanza. Mwenyekiti akaniomba niseme neno, kwa kuwa nimesoma chuo kikuu na, nadhani, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kibovu na sauti yangu haikihitaji. Nikasema ardhi ya umma ni ya umma. Nikasema aliyejimegea, hata awe nani, aondoe uzio wake kwa mikono yake mwenyewe, mchana kweupe, watoto wamwone wajifunze.

Nilipigiwa makofi. Mama mkwe wangu, aliyekaa mstari wa mbele, hakupiga. Alinitazama kama mtu anayemwona mbuzi akielekea kwenye unga ulioanikwa.

"Hotuba nzuri, baba," aliniambia tukirudi.

"Ahsante, mama."

"Na mfenesi wangu?"

Nilisimama katikati ya njia. Nilikuwa nimeusahau kabisa.

Sisi Waluguru ardhi hupita kwa wanawake, na mwanamume mwenye akili huhamia kwa mkewe na nguo zake na adabu zake. Ndivyo nilivyofika pale. Shamba la mama yake mama mkwe, kule Kinole milimani, lilikwenda kwa dada yake mkubwa. Yeye alishuka mjini na mbegu za fenesi kutoka mti wa mama yake, akazipanda nyuma ya nyumba, ukaota mti mmoja. Uliota hatua tano nje ya kiwanja chetu, kwenye ardhi ya manispaa, na kila mpita njia akawa anajichumia. Mimi, mkwe mpya mwenye hamu ya kupendwa, nikahamisha michongoma ya uzio ikauzunguka mti. Nilijua ninachofanya, karatasi za kiwanja nilizisoma mwenyewe. Nilijiambia ardhi imelala tu, haitasikia. Na kwa kuwa uzio uliopinda ghafla unachekesha, niliunyoosha wote, tukajikuta tumepata na nafasi ya banda la kuku.

Wiki chache baada ya hotuba akaja mpima ardhi wa manispaa, mwanamke wa miaka thelathini hivi, na buti zake na kifaa chake cha miguu mitatu. Alibisha hodi, akapima, akasimika bikoni, kile kichuma cha mpaka, katikati ya nyumba yetu na mfenesi.

"Bibi, mti huu uko upande wetu," alisema kwa upole. "Njia ya magari inapita hapa. Utakatwa."

Mama mkwe aliweka mkono kwenye shina. Mimi, msema sana wa mkutanoni, nikaanza kuwakagua kuku.

"Mjukuu wangu," hatimaye aliuliza, "kwenu wapi?"

"Tabora, bibi. Mnyamwezi kabisa."

Uso wa mama mkwe ukafunguka. Mnyamwezi kwetu ni mtani. Mtani anaweza kukutania hata msibani, akateka kitu chako mpaka ukikomboe, na ukikasirika aibu ni yako. Mama mkwe akaenda moja kwa moja, akaing'oa bikoni kabla udongo haujashika, akaiweka kwenye kiti chake cha plastiki, akaikalia.

"Nimeteka. Komboa."

"Bibi! Kung'oa bikoni ni kosa!"

"Kwani nimeng'oa? Mimi nimekaa."

"Ninyi Waluguru mmening'inia milimani kama ndizi, mkishuka tambarare mnaiba tambarare!"

"Na ninyi mmetoka Tabora kwa miguu kwenda pwani tangu enzi za mababu. Mpaka leo hamjafika, mnapimapima njia tu!"

Mpima akatafuta cha kuteka. Akanishika mkono. "Basi mimi nachukua mkwe."

"Chukua. Anaongea sana, lakini hachagui chakula."

Mke wangu, ambaye angeweza kunikomboa, alikuwa mlangoni akicheka mpaka akajishikiza kwenye fremu.

Kicheko kilipoisha, mama mkwe akasema kwa sauti nyingine, "Mama yangu alikula matunda ya mti uliozaa huu. Sina kingine chake."

Mpima akaniachia. Akatandaza ramani juu ya banda la kuku, akaitazama kitambo.

"Siwezi kukuahidi, bibi. Mimi napima tu, wanaoamua wako ofisini. Lakini uwanja wa watoto hawajaupangia mahali, na njia inaweza kupita upande ule. Nitauchora mti. Usipochorwa, kwao haupo. Ila bikoni inarudi, na uzio unaondoka."

Mama mkwe akainuka kitini. "Bikoni hiyo hapo. Uzio muulize huyo mateka wako."

Niliiondoa michongoma Jumamosi, kwa mikono yangu mwenyewe, mchana kweupe. Inachoma kuliko nilivyokumbuka. Majirani walitoa viti nje. "Msomi, hotuba!" walipaza sauti. Watoto walisimama mstari, wakijifunza.

Juzi mchoro mpya ulibandikwa ofisi ya mtaa. Kwenye kona pana uwanja wa watoto, na ndani yake kiduara kidogo cha kijani. Mama mkwe alikiwekea kidole kwa muda mrefu, kisha akauliza ni dirisha gani litakitazama. Tulipofika nyumbani akaniletea karatasi.

"Andika, baba. Naomba kupanga nyumba ile ya chini, inayotazama mti."

"Mama, ni walimu na wauguzi kwanza."

"Andika nimemfundisha mkwe mmoja na bado sijamaliza. Na malaria zake zote nimeziuguza mimi."

Niliandika, nikamsomea. Alinisimamisha mahali pamoja tu, nilipoandika "mti wangu."

"Futa. Andika mti wa manispaa," alisema. "Msimu ukifika tutajuana."