Pua ya Tihomir

Vita vilipokwisha, vijiji vya Dragačevo vilibaki na majina mengi kuliko makaburi. Vijana walizikwa Albania, wengine walitupwa baharini, wengine hakuna ajuaye. Kwa desturi yetu, askari aliyelala ugenini husimamishiwa jiwe kando ya barabara, akachongwa na sare yake na bunduki yake, ili wapita njia wamtaje.

Kazi hiyo ilimwangukia Vukosav, fundi mawe, mjane, mzito wa maneno, mwepesi wa mkono. Kufikia Pasaka ya mwaka 1920 alikuwa amesimamisha mawe arobaini na moja. Mama akilia kwamba bado anamngoja mwanawe, Vukosav humwambia, "Mwache apumzike." Maneno mazuri hayo. Ila mwanawe mwenyewe, Tihomir, aliyefia kwenye theluji mwaka 1915 mbele ya macho ya wenzake watatu, hakuwa na jiwe. Ukimuuliza, atakwambia kazi za watu zimemzidi.

Siku moja Stamena, jirani yake, alikuja kuangalia jiwe la mwanawe Milentije. Lilikuwa limekwisha, limebaki kuandikwa tu. Akaliangalia, akalizunguka.

"Huyu nani?"

"Milentije wako."

"Wangu alizaliwa na mdomo uliopasuka. Kijiji kizima mkimwita Sungura, na wewe umo. Huyu mdomo wake mzima."

"Nilimrembesha kidogo, mama Milentije."

"Nani alikutuma? Mdomo ule haukuweza kunyonya. Nilimlisha kwa kijiko mpaka akaota meno. Nirudishie mdomo wangu."

Akaipapasa pua ya lile jiwe, polepole. "Na pua hii naijua. Iko njia ya Guča, iko Lučani, iko pale kisimani. Vukosav, barabara nzima umemsimamisha mwanao."

Vukosav alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Arobaini na moja, na hakuna mama aliyemwambia. Labda walimwonea huruma.

"Mkono wangu haujui sura nyingine," alisema.

"Basi hiyo sura ipe jina lake."

"Siwezi."

"Sisi ulitwambia tuwaache wapumzike. Mkuki kwa nguruwe, eti?"

 Stamena alichukua mezani chupa ya rakija, pombe yetu kali ya matunda, akajaza vikombe viwili, akamwaga matone chini kama tuwafanyiavyo wafu. "Kwa Milentije," alisema, akamsukumia Vukosav kikombe cha pili.

Miaka mitano Vukosav alikuwa akinywa bila kumwaga hata tone, maana anayemwagiwa ndiye aliyekufa. Alikinyanyua kikombe kuelekea mdomoni, akakirudisha, nusu ya pombe ikamwagika kwenye suruali. Iliyobaki aliimwaga chini.

"Kwa Tihomir," alisema, kisha akalia kwa sauti, na Stamena akamwacha alie.

Kesho yake alianza jiwe jingine la Milentije, akitangulia na mdomo uliopasuka. Lile lililokataliwa alilipeleka mwenyewe barabarani kwa gari la ng'ombe. Maneno ya mawe yetu huandikwa kana kwamba anayesema ni marehemu, naye Vukosav alikuwa ameshawasemea vijana wa watu wengi. Mwanawe alimpa mistari mitatu tu:

*Mpita njia, mimi ni Tihomir.*
*Nilikufa mwaka 1915.*
*Baba amekubali leo.*