Siku Niliyoisalimu Dunia kwa Stika

Nianze na aibu yenyewe, maana Dengfeng nzima, mtaa wetu wa wageni huku kwa Wachina, wanaijua, na nikiificha mtaisikia kwa mwingine ikiwa imetiwa chumvi: mimi, mtu mzima mwenye digrii na miwani miwili (ya kusomea, na ya kuitafutia ile ya kusomea), ndiye niliyebandika salamu kwenye mizigo ya watu badala ya majina yao, tena siku ya kufunga kontena.

Ofisi yetu ya kusafirisha mizigo ilikuwa na programu ya kuchapisha stika za majina, iliyoandikwa na mwenzetu mmoja aliyekwisha rudi nyumbani. Tulipobadilisha kompyuta, programu ikagoma, na wiki nzima tukawa tunaandika majina kwa kalamu ya wino mzito. Nikasema fundi wa nini. Mwenzetu alituachia msimbo wake kwenye flashi, na mimi lugha hiyo ya C niliisoma chuoni (miaka ishirini na tano iliyopita, lakini hilo sikulitaja), kwa hiyo kilichobaki ni kusimika kompaila, ile zana inayogeuza maandishi ya mtu kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukitekeleza, pamoja na zana zake za ujenzi za ukoo wa Unix, mfumo mkongwe wa kompyuta.

Kuzipakua kulinichukua siku mbili, kwa sababu mtandao wa ng'ambo huku unatambaa, mpaka nilipogundua kwamba chuo kimoja cha hapa hapa kimehifadhi nakala. Kisha asubuhi nzima nikaandika amri na kompyuta ikinijibu kwamba haijui ninachosema, hadi nilipokumbuka kwamba lazima uielekeze zana zilipo, maana yenyewe haina desturi ya kuuliza njia. Nilipofanikiwa nilishuka ghalani kumtangazia Lao Chen, mkuu wa wapakiaji, kwamba leo stika zinarudi. Kumbukeni hilo.

Juu ofisini alikuwa amekaa Bi. Zuhura. Yeye hununua vitambaa vya sare kule soko la Zhongda na kuvipeleka Tanga. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na marobota yake yakiikosa kontena ile, au yakichukuliwa na mwingine bandarini, basi watoto wangeanza muhula na sare zilizowabana na wateja wangemhama. Kwa kutoniamini, alikuwa amepitisha uzi wa kijani kwenye mshono wa kila robota, nami nilikuwa nimemcheka kwamba hayo ni mambo ya karne iliyopita.

"Kwenye kioo cha kompyuta kila kitu kinapendeza, Profesa," aliniambia. "Nionyeshe kwenye karatasi."

Hapo ndipo nilipokosea. Anayejifunza programu, kitu cha kwanza huiagiza kompyuta iandike "Habari dunia". Nikaiandika hiyo, nikaiambia irudie mara tatu, na badala ya kuituma kwenye kioo nikaituma kwenye printa ya stika kule ghalani. Tukaisikia ikianza kukoroma chini yetu. Nikamwambia Bi. Zuhura karatasi zitatungoja, nikampeleka mkahawani nimnunulie chai ya ushindi, na kwa muda wa vikombe viwili nikamweleza ubora wa elimu.

Tuliporudi, Lao Chen alitupokea mlangoni akiwa amelowa jasho.

"Laoban Habari Dunia ni nani?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha ghalani. "Bosi mkubwa. Mzigo mwingi sana."

Niliiambia irudie mara tatu, nikasahau kuiambia ihesabu, kwa hiyo haikujua imefika ya ngapi, ikaendelea tu. Na utaratibu wa ghala letu ni kwamba stika ikitoka, inabandikwa kwenye mzigo unaofuata. Wapakiaji hawasomi, wanabandika. Ghala zima lilikuwa linasalimia. Kubandua nako kulichuna ngozi ya katoni pamoja na jina lililoandikwa kwa kalamu. "Stika meiyou," akaongeza Lao Chen, yaani zimekwisha, akaomba rola nyingine amalizie.

Lori lilikuwa linakuja alasiri. Bi. Zuhura hakupiga kelele (afadhali angepiga). Alipita katikati ya mizigo akitazama mishono, akavuta robota moja, akavuta la pili, mpaka yote kumi na manne yakawa pembeni. Wenye katoni nikawapigia simu, wakaja, wakawa wanazitikisa na kutega sikio. Moja iliitika kwa wimbo wa Kichina, na mfanyabiashara wa vichezeo vya watoto wa mtaa wa Yide Lu akaikumbatia kama mwanawe.

Nami nilipanda juu, Bi. Zuhura nyuma yangu.

"Sasa ifundishe kuhesabu," alisema.

Nikaifundisha. Kisha nikajenga programu ya mwenzetu, mistari ikateremka bila kosa hata moja, nikaijaribu kwenye kioo kwanza, ndipo nikaweka rola mpya. Stika ya kwanza ilitoka na jina lake na neno Tanga. Aliisoma mara mbili, akaibandika mwenyewe. Lori lilipofika, tulikuwa tumebakiza katoni tatu tu za kubandika.

Tangu hapo programu hiyo haijatusumbua, na mimi nimeapa kwamba jaribio langu lolote litaishia kwenye kioo, hata aniombe nani. Uzi wa kijani siucheki tena.

Majuzi Bi. Zuhura alinionyesha picha kwenye simu yake. Kitambaa kiko Tanga juu ya meza ya fundi cherehani, kimekwisha katwa, na pembeni gunia la robota bado lina ile stika yangu ya HABARI DUNIA. Chini yake fundi ameandika kwa chaki: "Nzuri. Za huko?"

Nikamwambia amjibu kwamba huku ni salama, tunajifunza kuhesabu.